Likizo ya Shemeji Eustace

Barua ya shemeji yangu Eustace ilifika mwezi wa tano, mwaka themanini na nne. Ililetwa na dereva wa lori la dagaa ndani ya bahasha ya ofisini yenye mhuri, kwa sababu shemeji yangu hakuwa mtu wa kuandika kwenye karatasi ya daftari kama sisi wengine. Alikuwa karani wa stoo katika kinu cha pamba huko Shinyanga, na tangu apate kazi hiyo hata salamu zake zilikuwa na mhuri. Mume wangu, Marcelino, aliisoma amesimama mlangoni, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani.

"'Kaka mpendwa. Nimepata likizo ya siku ishirini na nane. Baada ya kufikiri sana, mimi na Mama Sikujua tumeamua kuja kupumzika hapo Kasisa pamoja na mtoto, tupate upepo wa ziwa. Msihangaike sana kwa ajili yetu.'"

Kulikuwa na karatasi ya pili. Marcelino aliipitia kwa macho, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Salamu tu za wazee wa ukoo."

Nilimwamini. Nilikuwa nimeolewa naye miaka kumi na minane na bado nilikuwa nikimwamini katika mambo madogo.

Kasisa ni kijiji chetu, mbele ya Geita, pale ambapo barabara inachoka na kuliachia ziwa. Wakati ule kulikuwa na nyumba kama arobaini, kanisa linalopata padri Jumapili moja kati ya tatu, na mwalo wa kuanikia dagaa. Upepo wa ziwa tulikuwa nao kwa wingi, na hakuna aliyewahi kutuandikia barua kuuomba. Mtu akija Kasisa alikuja kununua samaki, au kuzika.

Mtu akikuambia usihangaike, ujue amekwisha kukupangia kazi. Marcelino alihangaika wiki tatu. Alipaka kuta za chumba chetu udongo mweupe, akatengeneza mlango mpya wa choo, akaazima kitanda cha pili kwa katekista. Siku moja kabla hawajafika akaniambia kwamba mimi na yeye tutalala kwenye banda la nyavu.

"Kwani wao hawawezi kulala humo?"

"Anisia, yule ni mtu wa ofisi."

Basi mtu wa ofisi akaja. Alishuka kwenye lori la dagaa amevaa suti ya Kaunda ya rangi ya majivu, redio ameikumbatia kifuani. Nyuma yake akashuka mkewe, Salvina, amevaa gauni la krimplini na viatu vya mchuchumio. Kisigino cha kwanza kilizama kwenye mchanga, cha pili kikafuata, naye akabaki amesimama hapo kama mti uliopandwa, mpaka Marcelino alipokwenda kumng'oa. Mtoto wao, Sikujua, msichana wa miaka minane, alikimbia moja kwa moja majini na soksi zake. Huyo ndiye pekee niliyempenda siku ile.

Kisha vikaanza kushuka vitu. Masanduku matatu. Godoro. Mabeseni mawili ya enameli, moja ndani ya jingine. Pasi ya mkaa. Mapazia yamefungwa kwa kamba ya katani. Na mwisho saa kubwa ya ukutani, imeviringishwa ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa.

Jirani yangu Limi, ambaye hakuna kinachompita, alininong'oneza, "Mtu anakwenda likizo na saa ya ukutani?"

"Anataka tuione," nikamjibu.

Hivyo ndivyo nilivyoamini: kwamba wamekuja kutuonyesha.

Mimi ni mke wa kaka mkubwa, na kila mtu anajua mke wa mdogo anapaswa kuniamkia vipi. Salvina alininyooshea ncha za vidole na kusema, "Habari za hapa?" kama anamuuliza mlinzi wa geti. Nikamjibu kwamba za hapa ni nzuri, sijui za huko. Akatabasamu. Hakuwa amesikia. Alikuwa anaangalia paa letu la nyasi.

Siku ya kwanza niliwapikia sangara. Miaka ile sangara alikuwa samaki mgeni, mkubwa kama mbuzi na mwenye mafuta mengi, na ziwa lilikuwa limeanza kujaa yeye na kupungukiwa na samaki wengine. Wavuvi walimnung'unikia, lakini ndiye tuliyempata. Salvina alimgeuza kwa kijiko, upande huu, upande ule.

"Mama Pantaleo, hamna sato?"

"Sato hawapatikani siku hizi."

"Ziwani? Sato hawapatikani ziwani?" Alimwangalia mumewe, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wawili wanaoelewana. "Shinyanga tunawapata sokoni kila Jumamosi."

Sikumwambia kwamba sato wake wa Jumamosi ndio wale wachache waliotoka hapa hapa, wamelala siku mbili kwenye lori. Nilimwangalia akila ugali wetu wa udaga, muhogo uliovundikwa, kwa vidole viwili huku amefumba macho.

Wiki zile za kwanza nilijifunza mengi kuhusu Shinyanga. Nilijifunza kwamba Shinyanga maji yanachemshwa. Nilijifunza kwamba Shinyanga watoto hawachezi na kuku, kwamba choo kinamwagiwa dawa, kwamba mtu akitaka kuingia chumbani mwa mwenzake anabisha hodi hata kama mlango ni gunia. Sabuni ilikuwa shida nchi nzima mwaka ule, tulifulia majivu na majani ya mpapai, lakini Salvina alikuwa na mche wake wa sabuni ya kunukia, akiutoa sandukuni kila asubuhi, akijisugua, kisha akiufunga tena kwa kufuli. Ile harufu ilikuwa ikipita uani na kutufikia jikoni. Nilikuwa naichukia, na nilikuwa naivuta mpaka mwisho.

Alining'iniza mapazia yake kwenye dirisha la chumba changu. Alitundika saa yake kwenye ukuta wangu. Kila saa ilipogonga, kuku walikimbia.

"Hapa kwenu kuna kimya," aliniambia siku moja, amekaa kivulini kwenye kiti pekee chenye egemeo. "Kimya kama makaburini. Mnafanya nini siku nzima?"

Nilikuwa nimebeba kapu la muhogo kichwani na kuni mkononi. Nilimwambia, "Tunapumzika."

Lakini hata Salvina alikuwa afadhali kuliko mumewe. Shemeji Eustace alizaliwa Kasisa. Alioga katika ziwa lile akiwa uchi mpaka alipoanza kuota ndevu. Sasa kila asubuhi alishuka mwaloni na suti yake na redio yake, akasimama mikono nyuma, akawaeleza wavuvi makosa yao. Nyavu mnazikunja vibaya. Dagaa mnawaanika karibu karibu. Kungekuwa na leja, mngejua hasara yenu iko wapi. Wavuvi walimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akawajibu kwa Kiswahili cha redioni, "Asubuhi njema." Siku moja waliomba awasaidie kuvuta wavu wa kokoro, kwa kuwa walikuwa pungufu. Alikagua viatu vyake, kisha akasema mgongo wake uko chini ya uchunguzi wa daktari.

Marcelino alikuwa akimwangalia kwa mbali na uso wa huzuni, nami nikadhani anamwonea fahari. Kumbe.

Siku ya ishirini na nane ilifika Jumatano. Najua kwa sababu nilikuwa nazihesabu kama mfungwa. Asubuhi ile niliamka mapema nikachoma viazi vya njiani. Lori la dagaa likaja, likapakia, likapiga honi mara mbili, likaondoka. Shemeji Eustace alikuwa mwaloni akisikiliza taarifa ya habari.

Salvina alikuja jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

"Baba Sikujua anasema ameongezewa siku," alisema. "Ameandika barua ofisini, wamemkubalia. Wanamthamini sana."

"Barua hiyo imefika vipi?" nikauliza. "Mbona lori ndilo posta yetu, na mimi ndiye ninayepokea?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa hana la Shinyanga. Kisha akasema labda mumewe alipeleka habari kwa mtu wa Geita, akatoka.

Wiki ikapita, ya pili ikaanza. Shule za Shinyanga zilikuwa zimefunguliwa, na Sikujua alikuwa bado anakimbia na kuku. Mche wa sabuni ulikuwa umebaki kama kidole gumba. Nilimfuata Marcelino kwenye majabali tunapoanikia udaga, mchana, jua likiwa kali, hakuna mtu karibu.

"Wanaondoka lini?"

Aligeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kimoja maalumu.

"Marcelino. Ile karatasi ya pili ilisema nini?"

Akakaa chini juu ya jabali. Akaniambia yote, bila kunitazama.

Shemeji Eustace alikuwa amefukuzwa kazi tangu mwezi wa nne. Alikuwa amesikia kwamba watu wanapata almasi Maganzo, kwenye mashimo ya kuchimba kwa kujificha, naye akajiunga na watu watatu wenye shimo lao. Ofisini akasema anaumwa, nyumbani akasema yuko kazini. Aliumwa wiki tano. Alirudi na malengelenge mikononi na hana hata kokoto, akakuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa ya kazini, kwa hiyo ikatakiwa irudishwe.

"Na Salvina?"

"Hajui."

"Hajui vipi? Amehamishwa nyumba nzima na hajui?"

Marcelino alijikuna kisogo. "Alimwambia nyumba inapakwa rangi. Kwamba wanatakiwa kutoa kila kitu ndani mpaka ikauke. Vingine wameviacha kwa rafiki, vingine ndio wamekuja navyo."

Nilicheka. Nasema kweli, nilikaa chini kwenye udaga nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mwanamke aliyetufundisha kubisha hodi kwenye gunia, anangoja rangi ikauke! Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka ni wapi nimekuwa nikilala kwa zaidi ya wiki tano.

"Na wewe ulijua kabla hawajaja. Ulinitoa chumbani kwangu ukijua."

"Ni mdogo wangu. Aliniomba nisimwambie mtu mpaka yeye mwenyewe atakapopata namna ya kumweleza."

"Anaitafuta wapi hiyo namna? Redioni?"

"Anisia, nakuomba. Usiseme neno. Ni aibu yake, tumwachie aibebe mwenyewe."

Niliwaza kwamba aibu ile hakuna aliyekuwa akiibeba, ilikuwa imekaa kwenye kiti changu chenye egemeo. Lakini nilimwahidi. Na ahadi niliishika siku tano, tena siku tano tamu, siwezi kukataa. Salvina aliposema "Shinyanga", nilikuwa namwangalia kama mtu anavyomwangalia mlevi anayesimulia jinsi atakavyojenga ghorofa. Nilimsogezea kiti. Nilimuuliza habari za choo cha dawa. Alidhani nimeanza kustaarabika.

Siku ya sita ilikuwa Jumatatu, siku ya kufua. Wanawake kama kumi tulikuwa ukingoni, kwenye mawe bapa. Salvina alikuwa akifua mashuka yake peke yake, mbali kidogo, amepandisha gauni mpaka magotini. Mimi nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga. Limi alikuwa kando yangu.

Salvina aliinua kichwa akaziangalia sufuria zangu, moja baada ya nyingine, pale zilipojipanga juu ya jiwe, nyeusi kama zilivyo sufuria zote za kuni. Akasema kwa sauti ya kunisaidia, ile ambayo kila mtu anaisikia:

"Mama Pantaleo, nikirudi Shinyanga nitakutumia steliwaya ya kusugulia. Usione haya, ni kitu kidogo tu. Mimi ningeona aibu kumpikia mgeni kwenye sufuria kama hizi."

Limi alinitazama kwa pembe ya jicho. Nami nikaweka chini sufuria niliyokuwa nasugua.

"Utarudi Shinyanga ipi?"

"Ipi tena?"

"Nakuuliza ya wapi. Mumeo hana kazi tangu mwezi wa nne. Alifukuzwa. Alikuwa Maganzo anachimba almasi wakati wewe unamchemshia uji wa kupeleka ofisini. Nyumba yenu haipakwi rangi, Mama Sikujua. Anakaa mtu mwingine humo. Hii siyo likizo. Mmehamia kwangu."

Nilisema yote hayo bila kupumua, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilijisikia jinsi ilivyokuwa nzuri. Kila mwanamke pale alinisikia, na maji yalikuwa yametulia kabisa.

Salvina hakulia. Nilikuwa namngoja alie. Alikuwa ameshika ncha ya shuka, na shuka lenyewe lilikuwa linaelea mbele yake, limejaa hewa katikati.

"Tangu mwezi wa nne," alisema.

"Ndiyo."

"Shemeji Marcelino anajua?"

"Alijua kabla hamjaja."

"Na wewe?"

"Mimi nimejua juzi. Siku tano, sita."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu naye akaiona iko sawa. Kisha akarudi kusuuza. Alisuuza shuka la kwanza, la pili, na foronya zote nne. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyefua pia. Alipomaliza alimwita Limi, siyo mimi.

"Dada, nisaidie kukamua."

Wakakamua, mmoja huku, mwingine kule, shuka likajinyonga katikati kama kamba. Akaweka vyote kwenye beseni la enameli, akalibeba kichwani kwa mara ya kwanza tangu aje, akapanda kijijini peku. Alilibeba vizuri. Shingo haikuyumba. Ndipo nilipofahamu kwamba huyu alizaliwa shambani kama mimi, na kwamba yale yote ya Shinyanga aliyavaa ukubwani. Sikufurahi kulifahamu. Nilipenda zaidi nilipokuwa silijui.

Tulimfuata. Sitasema uongo kwamba nilikwenda kumtuliza. Nilikwenda kuona.

Shemeji Eustace alikuwa kivulini, miguu juu ya kigoda, redio ikisoma matangazo ya vifo. Salvina alianika mashuka yote kwanza. Alinyoosha kila moja, akalibana kwenye kamba. Kisha akajifuta mikono, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Sikujua, rangi ya nyumba imekauka?"

Eustace aliangalia uso wa mkewe, kisha akatutazama sisi tuliosimama nyuma ya ua, na Limi mbele yetu wote. Akazima redio. Alikuwa na nafasi hapo ya kusema neno moja la mwanamume. Nami ningemsikiliza. Hata ningemhurumia, nadhani.

"Mama Sikujua," alisema, "kuna mambo ya kiofisi ambayo ni magumu kumweleza mwanamke."

Limi aliguna. Salvina alimngoja mumewe aendelee, na mumewe aliendelea. Alisema kulikuwa na fitina. Alisema mkuu wa stoo alimwonea kijicho. Alisema shimo lile la Maganzo lilikuwa limebakiza hatua mbili tu, na lau wale wenzake wasingekuwa waoga, sasa hivi tungekuwa tunazungumza lugha nyingine. Alisema alikuwa anamlinda mkewe asipate presha. Alizungumza mpaka jasho likamtoka chini ya suti, na katika maneno yote yale hakuna mahali alipofika kwenye "nilikosea". Marcelino alitokea kutoka shambani na jembe begani, akaelewa mara moja. Alinitazama. Nikaangalia pembeni.

"Shemeji," Salvina alimwambia Marcelino, "lori linapita lini?"

"Jumatano. Lakini, Mama Sikujua, hakuna haja ya haraka. Hapa ni kwenu. Kaeni, tutagawana shamba, tutajenga..."

"Ahsante. Jumatano."

Siku mbili zile alifungasha. Aliteremsha mapazia, akateremsha saa. Saa alimpa dereva wa lori badala ya nauli, pamoja na pasi. Marcelino alitaka kukataa kwa niaba ya heshima ya ukoo, nikamwambia heshima ya ukoo iko kivulini inasikiliza redio, akaizungumzie huko. Salvina alikuwa na dada yake, Serafina, aliyeolewa Nyasubi, pale Kahama mjini, mwenye cherehani mbili na kazi nyingi kuliko mikono. Huko ndiko alikokwenda, yeye na Sikujua. Mtoto alilia kwa ajili ya kuku mmoja mwekundu. Nikamfunga yule kuku miguu, nikampa. Mama yake aliona.

Shemeji Eustace alikuja kuwasindikiza na suti yake. Aliendesha mambo yote ya kupakia. Hili liwekwe huku, lile lifungwe vile. Lori lilipowaka alipunga mkono, kisha akatugeukia sisi tuliosimama hapo na kusema, "Wanawake wana hasira za karibu. Ataandika."

Salvina hakuandika. Alikaa kwetu mwaka na miezi minne, huyo mtu wa ofisi. Jioni ya siku ile ile nilimtolea godoro lake, nikamwonyesha banda la nyavu. Marcelino alisimama mlangoni na taa akitumulikia, na hilo nililihesabu kuwa ndiyo radhi aliyoniomba. Tulimpa jembe. Alilima matuta mawili, akakaa kwenye la pili kusubiri sifa. Tulimpa kazi ya kulinda dagaa wasiliwe na ndege, akalala, ndege wakashukuru. Suti ilichakaa magotini, kisha makalioni, akaendelea kuivaa. Betri za redio zilikwisha, akaendelea kuibeba. Mwishowe alikuja mtu anayetafuta wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita, na shemeji yangu akamfuata, akieleza tangu walipotoka uani kwetu jinsi mgodi unavyopaswa kuendeshwa. Marcelino alilia alipoondoka. Mimi nilifagia banda.

Na mimi na Salvina tulionana tena. Ilikuwa mwaka themanini na saba. Mwanangu Pantaleo alikuwa anaoa msichana wa Kahama, nami nilihitaji gauni la harusi, kila mtu akanielekeza duka moja la Nyasubi, karibu na soko. Niliingia nikamkuta nyuma ya cherehani, miwani puani, tepu ya kupimia shingoni, wasichana wawili wakimsaidia. Alikuwa amenenepa. Alinitambua kabla sijafungua kinywa.

Tuliamkiana vizuri. Aliniuliza habari za Marcelino, za Limi, za kijiji. Eustace hakumuulizia, nami sikumtaja. Aliniambia Sikujua yuko darasa la tano na anaongoza kwa hesabu. Nilimpa kitambaa nilichokuja nacho. Alikipapasa, akakunja midomo.

"Hiki kitakuchujia siku ya kwanza ukikifua. Nani amekuuzia?"

"Nimenunua Geita."

"Inaonekana." Akakitupa juu ya meza. "Simama hapa, nyoosha mikono."

Alinipima mabega, akaandika. Alinipima kifua, akaandika. Nilikuwa nimesimama pale mikono imetanuka kama ndege aliyeanikwa, yeye amepiga magoti mbele yangu kupima urefu, ndipo aliposema, bila kuinua kichwa:

"Ungeweza kuniita pembeni siku ile."

Wasichana walikuwa wanasikia. Cherehani moja ilinyamaza.

"Ningeweza," nikasema.

"Nyuma ya jiko. Njiani kwenda kuchota maji. Mahali popote. Ulichagua pale, mbele ya wale wanawake."

"Wewe ulizisema sufuria zangu mbele ya wanawake wale wale."

"Nilizisema. Zilikuwa chafu." Alivuta tepu ikanibana kwenye kifundo cha mguu. "Lakini ulifurahi, Mama Pantaleo. Nilikuona uso. Usikatae."

Nilikuwa na miaka mitatu ya majibu, nilikuwa nimeyapanga nikipalilia, nikianika udaga, kwamba nilimsaidia, kwamba asingejua mpaka leo, kwamba mimi ndiye sababu ya hili duka. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

"Nilifurahi," nikasema. "Nilifurahi sana."

Salvina aliinuka, akajishika kiuno, akaniangalia kupitia juu ya miwani yake. Aliandika urefu wangu kwenye daftari.

"Haya," akasema. "Geuka nikupime mgongo."